Mwalimu, Nakuachia: Kisa cha Makumbusho Yaliyokaa Mdomoni mwa Mwanzilishi Wake

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja, mwalimu wa sanaa, aliyeanzisha makumbusho madogo katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini, akayaongoza kwa miaka 14, kisha akapata kiharusi kilichomwondolea usemi. Nilikuwa mwanafunzi wake, na baadaye nikawa katibu wa kamati iliyopokea kazi yake. Majina nimeyaacha, mahali hasa nimepaficha, na baadhi ya tarakimu za ndani ya kisa nimezibadilisha kidogo. Familia yake imesomewa andiko hili na imeridhia litoke.

Nawaandikia walimu, maofisa utamaduni na wazee wa vijiji wanaofungua vyumba vya kumbukumbu. Kosa lililotupata lilikuwepo kwa miaka mingi wakati kila mtu, mimi nikiwemo, akiona mambo yanakwenda vizuri.

## Usuli

Mwalimu (nitamwita hivyo tu, kama tulivyomwita sote) alisomea ualimu miaka ya 1970, wakati shule zikifuata mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea uliotolewa mwaka 1967. Shule ilikuwa na shamba, mizinga ya nyuki na kipindi cha kazi za mikono. Watoto walisuka mikeka na kuchonga miiko. Walimu wengi walikichukulia kipindi hicho kama cha kupumzisha akili, kwa kuwa hakikuwa na mtihani wa taifa, na somo lisilo na mtihani ndilo la kwanza kunyang'anywa muda wake na Hisabati. Yeye hakukubali kunyang'anywa. Tulichora kila Jumatano, mvua inyeshe au jua liwake, hata mwaka ule wa mtihani.

Mkufunzi wake wa chuo alikuwa amefundishwa na watu waliopitia Makerere. Kwa njia hiyo jina la Margaret Trowell lilifika hadi kwetu: Mwingereza aliyeanza kufundisha kuchora pale Kampala mwaka 1937, na ambaye katika miaka ya 1940 alishika pia kazi ya kuyatunza Makumbusho ya Uganda. Katika shule yake walipita Sam Ntiro na Elimo Njau, wana wa Kilimanjaro. Huyo Njau ndiye aliyefungua jumba la sanaa kule Marangu, kisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Mwalimu alipenda kututajia watu hawa. Alitaka tujue kwamba mtu anaweza kuwa mwalimu wa kuchora na mtunza vitu kwa wakati mmoja, na kwamba kazi hizo mbili ni ndugu.

Trowell aliwasimulia wanafunzi wake tukio, labda soko au harusi, nao wakachora walichokiona akilini. Mwalimu aliligeuza zoezi hilo. Aliweka kitu mezani, akatutaka tukitazame kimya mpaka tuone kama tumekimaliza, halafu tuendelee kukitazama. Kisha alikifunika kwa kanga. Tulichora kwa kukumbuka. Kanga ilipoondolewa, kila mmoja alijisahihisha kwa kalamu nyekundu. Katika darasa lake nyekundu ilikuwa kalamu ya mtoto.

Upande wetu huu wa nchi urithi haujapungua. Kuna Isimila na zana zake za mawe, Kalenga na kumbukumbu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, Kimondo cha Mbozi, na Songea kuna makumbusho ya Maji Maji. Vyote hivyo vinajulikana na vina watunzaji. Mwalimu alihangaikia vitu vya chini ya hapo: kikapu cha milulu kilichoning'inia jikoni, mbeta ya ulanzi (chombo cha mwanzi cha pombe ya mianzi), kigoda cha babu. Hivyo vilikuwa vinachomwa kuni.

## Jembe la bibi

Makumbusho yalianza kwa kukosa vitu vya kuchora. Mwalimu alichoka kutuwekea kopo na chupa, akatuambia kila mmoja alete kitu cha zamani kutoka nyumbani. Ndani ya wiki mbili stoo ya majembe ya shule ilijaa vikapu, mikuki, nyungo, mawe ya kusagia, vyungu vya Wakisi vilivyosafiri kutoka Matema, na ligombo moja, ala ya muziki ya nyuzi, lililokatika nyuzi zake.

Mtoto wa darasa la tano alileta jembe la chuma, kazi ya wahunzi wa Kikinga, zito, lisilo na mpini. Siku ya tatu bibi yake akafika. Alisimama mlangoni.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, bibi. Shikamoo. Karibu ndani."

"Sikuja kukaa, mwanangu. Nimefuata mahari ya mama yangu."

Zamani majembe yalikuwa sehemu ya mahari, na lile lilikuwa la mwisho katika yaliyoletwa kwa ajili ya mama yake. Lilikaa juu ya uchaga wa jikoni tangu bibi akiwa mtoto. Mjukuu alilichukua bibi akiwa shambani.

Mwalimu hakumtuma mtoto alirudishe. Alilifunga katika kanga yake mwenyewe, akamsindikiza bibi hadi kwake, akaomba radhi mbele ya watu wa nyumba ile. Kesho yake alitusimamisha mstarini akatuambia vitu vyote virudi vilikotoka. Vilikuwa 46. Stoo ikabaki tupu, na walimu wenzake wakaona amekata tamaa.

Sababu yake nilielezwa nikiwa mtu mzima. Kila mwaka alikuwa akitupeleka Kalenga. Pale tulisimuliwa jinsi kichwa cha Mkwawa kilivyochukuliwa na Wajerumani mwaka 1898, kikatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na jinsi fuvu lilivyorudi tarehe 19 Juni 1954 na kukabidhiwa kwa mjukuu wake, Adam Sapi. Miaka 56. Mwalimu aliona hawezi kuwasimamisha watoto mbele ya fuvu lile, kisha arudi kwenye stoo iliyojaa vitu vilivyotoka majumbani mwa watu bila ruhusa.

Akaweka utaratibu mpya. Mtoto haleti kitu. Anakwenda na karatasi, anamwomba mzee ruhusa ya kukichora hapo hapo kilipo, na chini ya mchoro anaandika mistari mitatu: tarehe, nyumba ya nani, na swali moja alilomuuliza mwenye kitu pamoja na jibu alilopewa. Mchoro unapelekwa shuleni, unasahihishwa, kisha mtoto anarudi kumwonyesha mzee. Mzee akipenda kitu chake kikae shuleni, anakileta mwenyewe.

Wakaanza kuja. Wengine walikuja wamevaa koti la sherehe, mkongojo mkono mmoja na kigoda mkono wa pili. Yule bibi wa jembe alikuja mwaka wa tatu. Karibu wote, wakikiweka kitu mezani, walisema neno lile lile: "Mwalimu, nakuachia."

## Neno lenye milango miwili

Nakuachia. Mtu anayesafiri humwachia jirani kuku wake, naye akirudi huwachukua. Mtu anayekufa humwachia mwanawe shamba, na hapo harudi tena. Neno ni moja.

Mwalimu alilisikia kwa maana ya kwanza. Kwake kila kitu kilikuwa amana. Wapo wazee waliokusudia hivyo, na wapo waliokusudia kutoa kabisa, na nadhani wapo ambao hawakuwa wameamua, wakaliacha neno liwaamulie. Hakuna aliyeandikishwa. Afisa utamaduni wa wilaya alimshauri mara mbili afungue daftari la mapokezi, naye mara mbili alikataa kwa upole. Alisema ukimtolea mzee karatasi ya kutia dole gumba baada ya yeye kutembea saa tatu na kigoda mgongoni, umemwambia kwamba neno lake halitoshi. Alisema pia kwamba wazee wa kwetu wameona karatasi nyingi, na chache zilikuja kwa heri.

Sababu hizo nilizikubali wakati ule, na sizidharau hata leo. Isitoshe, hakuhitaji daftari. Ungemwonyesha mwiko wowote kati ya miiko 20, angekuambia ni wa nyumba gani, nani aliuchonga, na ugali gani wa msiba uliukorogea.

## Kutoka stoo hadi jengo

Miaka ya kati nitaipitia haraka, isipokuwa mambo matatu.

La kwanza, mwanafunzi alirudi kutoka likizo na jiwe kwenye begi. Lilikuwa shoka la mkono, aina ile ile ya zana zilizoipatia Isimila jina tangu mwaka 1951. Alikuwa ameliokota korongoni. Mwalimu alimpongeza kwa jicho lake, akakataa kulipokea, akampigia simu ofisa wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na jiwe kama lile linaingia humo. Lakini darasani hakutusomea sheria. Aliweka kiberiti juu ya dawati, akaliondoa dawati, akatuuliza kiberiti kilikuwa umbali gani kutoka dirishani. Hakuna aliyejua. Basi jiwe likitolewa kwenye udongo wake, alisema, ndivyo linavyokuwa.

La pili ni jengo. Mwaka wa 8 wafadhili walijitokeza kulijenga, pamoja na makabati ya vioo. Kijiji kilitoa kiwanja mpakani mwa shule. Mhuri ukachongwa ukisomeka "Mkurugenzi Mwanzilishi", na sikuwahi kumwona amefurahi vile. Kamati ya watu 7 iliundwa, yeye akiwa mwenyekiti na mtunza fedha. Vikao vilikuwa vifupi, kwa sababu alikuwa anajua majibu kabla hatujauliza. Siku ya kuhamia, mzee mmoja alizunguka chumba chote akatazama dari, akauliza, "Moto uko wapi humu?" Tulidhani anasikia baridi, tukamletea chai.

La tatu ni maandishi kando ya vitu. Wageni na maofisa waliyaomba, akakataa kabisa. Badala yake kila mwanafunzi alipewa kitu kimoja cha kukisimulia, akakijua kama anavyojua jina la mama yake. Hoja yake ilikuwa kwamba mgeni akisoma kikaratasi, mtoto anabaki kushika mlango. Nimezunguka makumbusho kadhaa tangu hapo, na sijapata kusimuliwa kitu vizuri kama nilivyosimuliwa na watoto wale. Ila watoto humaliza shule. Kila Desemba kundi liliondoka na masimulizi yake, na Januari Mwalimu alianza upya kuyamimina katika kundi jingine.

## Kiharusi, na miezi 7

Mwaka wa 14, asubuhi ya Jumatatu, alianguka jikoni kwake. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakakatika. Alielewa alichoambiwa, lakini akifungua kinywa ilitoka sauti moja tu, ile ile kila mara. Watoto wake walimpeleka mjini kwa matibabu.

Makumbusho yakafungwa. Wengi wamedhani tulikosa funguo. Funguo zilikuwa zimetundikwa nyuma ya mlango wa sebule yake muda wote ule, na watu wanne tulijua. Hakuna aliyethubutu kuzichukua. Kiwanja kilikuwa cha kijiji, jengo limejengwa na wafadhili, vitu ni vya familia zaidi ya 100, walimu wakiona ni mali ya shule, na watoto wa Mwalimu wakiona ni mali ya mama yao. Kamati ilikuwa na majina 7 kwenye karatasi, lakini haikuwahi kuamua jambo bila yeye. Kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. Mimi nilisubiri pia, na nilikuwa na namba za simu za wote.

Masika yakaja. Upepo ulinyanyua bati moja.

## Tulivyofungua

Mwezi wa 7 tangu makumbusho yafungwe, mwenyekiti wa kijiji alitaka tuvunje kofuli tuokoe vitu. Nilipinga, na huo ndio uamuzi wangu wa kwanza ninaousimamia. Atakayefungua peke yake ndiye atakayedaiwa kila kisichoonekana. Tuliitisha mkutano wa kijiji, tukawaita watoto wa Mwalimu, mkuu wa shule na afisa utamaduni. Binti yake mkubwa alikuja na funguo, akafungua mwenyewe mbele ya watu. Siku hiyo hiyo kila kitu kilipigwa picha kwa simu na kuandikwa kwenye kauntabuku, na watu 9 wakatia saini kila ukurasa. Vilikuwa vitu 312.

Hali ilisikitisha. Vikapu kwenye makabati ya vioo vilikuwa na ukungu mweupe. Chini ya vigoda kulikuwa na unga laini wa mbao. Mchwa walikuwa wameanza pembe moja.

Hapo ndipo swali la yule mzee lilipoturudia. Nyumbani, vitu vile vilikaa juu ya uchaga, moshi wa jiko ukivipitia kila siku kwa miaka 50 au 60. Moshi uliwafukuza wadudu, joto likakausha. Kigoda kilikaliwa kila jioni na kikapakwa mafuta ya mikono na nguo. Sisi tuliviondoa motoni, tukaviosha, tukavifungia ndani ya vioo visivyopumua, katika wilaya ambayo usiku wa Juni unatoa jasho kwenye kuta. Tulidhani tunaviheshimu.

Ukungu tuliutoa kwa brashi laini, nje, kivulini, tumefunga pua na mdomo. Kwa wadudu wa mbao, afisa mmoja wa uhifadhi alituelekeza njia isiyohitaji dawa: funga kitu ndani ya nailoni nzito, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi, weka kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha kiache ndani ya nailoni siku nzima nje ya friza kabla ya kukifungua, ili unyevu ugande juu ya nailoni badala ya kugandia mbao. Muuza nyama wa stendi alitupa friza yake ya pili bila malipo. Umeme ulipokatika siku nzima, tulianza kuhesabu upya. Ilituchukua miezi 5 kumaliza vigoda, miiko na vikapu. Vitu 21 havikuokoka, na ligombo ni mojawapo. Tumevihifadhi hivyo hivyo vilivyo, na wenyewe tumewaambia ukweli.

Kisha likabaki swali gumu kuliko wadudu: wenyewe ni akina nani?

## Maboksi chini ya kitanda

Binti yake ndiye aliyetuambia. Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na maboksi ya mafuta ya kupikia yaliyojaa karatasi. Alikuwa anataka kuuliza kama yachomwe.

Ilikuwa michoro yetu. Miaka 14 ya michoro ya Jumatano, yote aliyoona inastahili kutunzwa, kila mmoja na mistari mitatu chini yake: tarehe, nyumba ya nani, swali na jibu. Nakumbuka niliukuta wangu wa ungo, na jibu la bibi yangu mzaa mama kwa mwandiko wangu wa darasa la sita. Nilitoka nje kidogo kabla ya kuendelea.

Mwalimu hakuitunza kama kumbukumbu za makumbusho. Kwake ilikuwa kazi za wanafunzi, nazo alizipenda kwa sababu hiyo tu. Alitutaka tuandike nyumba ya nani ili tujifunze adabu ya kutaja mwenye kitu, na swali ili tujifunze kusikiliza. Lakini kwa kuwa tulilazimishwa kutazama kweli, ufa ulichorwa ulipo, na mguu wa kigoda uliopinda ukachorwa umepinda. Tuliiweka michoro sakafuni, tukapita na vitu mkononi kimoja kimoja. Vitu 187 vilipata wenyewe kwa njia hiyo.

Kwa vilivyobaki, tulifungua milango Jumapili nne mfululizo baada ya ibada, wazee wakaja kutambua. Hapo vilipatikana 58.

Kisha tukaenda kwa Mwalimu. Alikuwa amerudishwa nyumbani, bado hasemi. Niliogopa kwamba kumwonyesha picha kutamwumiza, na dakika za kwanza kulimwumiza kweli: alifungua kinywa, sauti ikatoka ile ile, akagonga meza kwa hasira. Binti yake akamwekea penseli mkono wa kushoto. Hakuandika jina, kwa kuwa maandishi pia yalikuwa yamempotea. Alichora mti wa mparachichi ulioinamia upande mmoja, na chini yake kibanda chenye mlango usiotazama barabara. Mistari ilitetemeka. Mwanafunzi wake wa zamani, dereva wa bodaboda aliyetuleta, alichungulia begani akasema, "Hapo ni kwa mzee fulani, karibu na mashine ya kusaga." Akaenda na picha, akarudi na jibu: ndiyo, mbeta ni ya kwao.

Tulifanya hivyo asubuhi 11, si zaidi ya vitu vinne kwa siku, tukisimama akichoka. Alitupa 38.

## Kigoda

Mgogoro wenyewe ulitokea tukiwa katikati ya kazi hiyo. Mzee aliyekuwa ameleta kigoda cha miguu mitatu cha ukoo alifariki. Kaka mkubwa wa nyumba alikuja kukidai, kwa kuwa hukaliwa wakati wa matambiko ya ukoo. Mdogo wake, anayeishi mjini, alipiga simu kusema baba alikitoa kwa makumbusho moja kwa moja, na kisitoke. Wote wawili walikuwepo siku baba anasema "nakuachia". Wote wawili walimnukuu sawasawa.

Wajumbe wawili wa kamati walitaka tumpe mkubwa tumalize. Tuliamua kutotoa na kutokataa kwa siku 60, na tukawaandikia ndugu hao barua moja yenye maneno yale yale ili asitokee wa kusema mwenzake ameambiwa vingine. Siku ya 40 na kitu tulifika kwenye mchoro wake. Mtoto aliyeuchora alikuwa na miaka 12. Chini aliandika:

Swali: Babu, sasa utakaa wapi?
Jibu: Nitakuja kukaa huko huko.

Tuliwasomea ndugu wote wawili pamoja. Walikaa kimya. Mkubwa akasema hilo ndilo jibu la baba, na mdogo akasema ndiyo, ndiye baba kabisa. Makubaliano yaliyoandikwa ni kwamba kigoda ni cha ukoo na kinakaa makumbusho. Siku za matambiko ukoo unakichukua, unasaini, unakirudisha. Na mtu wa ukoo ule akija kukitembelea, ana haki ya kukikalia. Sharti hili la mwisho liliwashtua wataalamu wawili waliotutembelea. Ni jibu la mwenye kitu, na kigoda kinachokaliwa hakijashikwa na wadudu tena.

## Uchambuzi

Nianze na palipofaulu, kwa sababu ndipo penye funzo zito zaidi. Kulirudisha jembe, na vitu 46 pamoja nalo, ndiko kulikojenga makumbusho. Wazee waliona kwamba kitu kikiingia pale kinaweza kutoka, ndiyo maana wakathubutu kukiingiza. Mtu anayeanzisha chumba cha kumbukumbu leo akiogopa kurudisha kitu cha kwanza kinachodaiwa, hatapata cha pili chenye thamani.

Mchoro wenye mistari mitatu ulifanya kazi ya daftari la mapokezi, tena katika jambo moja uliizidi. Daftari la kawaida lingeandika "kigoda, mbao, kimetolewa na mzee fulani", na neno "kimetolewa" lingemaliza kesi kimakosa. Swali la mtoto lilihifadhi nia ya mwenye kitu. Sasa tunalitumia rasmi: fomu yetu ya mapokezi ina nafasi ya swali hilo, na mzee anajibu kwa maneno yake bila kulazimishwa kuchagua kati ya kutoa na kuazimisha. Wala hatumtolei fomu mlangoni. Mwanafunzi anachora kwanza, kama zamani, na mzee anatia saini chini ya mchoro. Hakuna aliyekataa. Hofu ya Mwalimu kwamba karatasi itawadhalilisha wazee ilikuwa ya haki kwa karatasi aliyokuwa akiifikiria, yaani ile inayotoka ofisini.

Palipoanguka. Mwalimu alikuwa mwenyekiti, mtunza fedha, msimulizi na kumbukumbu, na sisi tulimwachia. Naliweka kosa hili kwetu zaidi kuliko kwake. Mtu akibeba mzigo vizuri kwa miaka 14, wanaomzunguka huona ni tabia yake, hawaoni ni mzigo. Trowell alipoacha Makumbusho ya Uganda, taasisi ilikuwepo kabla yake na iliendelea baada yake, hadi ikapata jengo lake jipya mwaka 1954. Mwalimu wetu hakuwa na kitu nyuma yake isipokuwa sisi. Nilihudhuria vikao 12. Hata kimoja sikuuliza: ukiugua, nani anafungua mlango? Niliona swali hilo ni la kumwombea mabaya. Sasa ni ajenda ya kwanza ya kila kikao cha Januari, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tatu.

Kuhusu maandishi kando ya vitu, kamati haijakubaliana. Wapo wanaosema kukataa kwake ndiko kulikotupoteza. Mimi sidhani. Kilichotukosesha ni kumbukumbu ya ndani, ambayo mgeni hahitaji kuiona. Tumeweka daftari kabatini, na ukutani bado hakuna kikaratasi, watoto wanasimulia. Lakini masimulizi yao tunayarekodi kwenye simu kila Novemba kabla hawajamaliza shule.

Makabati ya vioo tumeyatoa milango. Mara moja kwa wiki, kwenye banda la nyuma, tunawasha jiko la kuni na kuvitundika vikapu juu ya uchaga kwa saa chache, na tunaangalia unga chini ya vigoda kila Ijumaa. Tunajua masizi nayo yana madhara yake, kwa hiyo vyungu na vitu vyenye rangi havipelekwi huko.

## Hali ilivyo sasa

Mwalimu anaishi kwa binti yake. Maneno machache yamerudi, hasa salamu. Jumatano analetwa kwa bajaji, anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, watoto wakimletea michoro yao. Anashika kalamu nyekundu kwa mkono wa kushoto, halafu anamrudishia mtoto aitumie mwenyewe.

Vitu 29 bado havina mwenyewe. Tumeviweka kwenye rafu ya chini, karibu na mlango, ambapo mtu akiingia lazima avione kwanza. Mwezi uliopita mama mmoja aliyekuja na mgeni wake aliinama, akachukua mwiko mfupi wenye kovu la kuungua, akaugeuza. "Huu," alisema, "mama alinichapa nao." Tukamletea kiti, mtoto akaenda kutafuta karatasi. Vimebaki 28.